Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: dripu zinazama kwenye pafu moja

YAH: MAJI YA DRIPU KWA WAGONJWA WALIOPASULIWA KIFUA

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote tunakuandikia hadharani, maana barua tulizozipitisha ngazi kwa ngazi hazijajibiwa. Wiki hii mgonjwa mwingine aliyetolewa pafu la kulia amerudishwa chumba cha mahututi, pafu lililobaki limejaa maji. Upasuaji wake ulikwenda salama. Matatizo yalianza wodini, na tunaamini dripu ina mkono wake.

Nawe ni daktari, unalijua hili. Pafu moja likitolewa, damu yote inayosukumwa na upande wa kulia wa moyo hupita kwenye pafu moja tu, na presha ya mishipa yake hupanda. Mishipa hiyo imeshachoshwa na mashine ya kupumulia, na njia za limfu zinazokausha maji zimekatwa wakati wa upasuaji. Maji ambayo aliyepasuliwa tumbo angeyakojoa, huyu yanamvujia pafuni. Dalili huja ndani ya siku tatu za mwanzo: pumzi za haraka, oksijeni kushuka, eksirei kuwa nyeupe. Zikishafika hapo, wengi hatuwaokoi.

Kiwango kinafahamika: katika saa 24 za kwanza, maji yaliyoingia ukitoa yaliyotoka yasizidi mililita 20 kwa kila kilo ya mgonjwa. Wagonjwa wetu wengi ni wale ambao TB imewala pafu mpaka wanakohoa damu. Wamekonda. Mwenye kilo 45 mwisho wake ni ziada ya mililita 900. Fomu ya maagizo tuliyonayo bado ni ile ya wodi ya tumbo, lita 3 kwa siku kwa kila mtu. Tuliomba ibadilishwe, ukakubali kikaoni, na fomu ni ile ile.

Kuna na maji ambayo hayaandikwi. Paracetamol ya mshipa ni mililita 100, mara nne kwa siku. Metronidazole, dawa ya kuua bakteria, ni mililita 100, mara tatu. Hiyo tayari ni mililita 700 kabla hujafungua chupa ya Ringa, maji ya dripu yenyewe. Mkojo ukipungua kidogo usiku, mtu anaamriwa kupewa nusu lita ya haraka, wakati mwili uliotoka kupasuliwa huzuia mkojo wenyewe, hata kama maji yanatosha. Presha ikishushwa na dawa ya ganzi ya mgongoni, tiba ni dawa ya kubana mishipa. Dawa hiyo, noradrenalini, ikikosekana stoo, daktari wa zamu anabaki na chupa ya maji tu mkononi. Anayevuja damu arudishiwe damu, wala hatusemi mgonjwa akaushwe mpaka figo zife. Tunasema apimiwe.

Na kupima ndiko kunakotushinda. Mgonjwa huyo wa kilo 45 anahitaji kama mililita 60 kwa saa, yaani matone 20 kwa dakika kwa seti ya kawaida ya dripu, ya matone 20 kwa mililita. Akigeuka kitandani au akikunja mkono, matone hubadilika. Asubuhi dripu inaonekana imechelewa, kigurudumu cha kubana mrija kinafunguliwa ili chupa iishe kabla ya makabidhiano ya zamu, na nusu lita inaingia ndani ya nusu saa. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima hawezi kuhesabu matone ya kila kitanda. Pampu za dripu uliziahidi kwenye kikao cha bajeti. Bajeti ile imeisha, nyingine imeanza, pampu hatujaziona.

Tunaomba pampu. Tunaomba fomu mpya yenye uzito wa mgonjwa, noradrenalini isiyokatika, na agizo lako la maandishi kwamba mgonjwa akishaweza kunywa, dripu ifungwe. Hilo la mwisho halina gharama yoyote.

Kama pampu haziwezekani, Mheshimiwa, tupe bureti, vile vikombe vya kupimia vinavyokaa kati ya chupa na mrija. Muuguzi hujaza maji ya saa moja na kufunga juu. Kigurudumu hata kikiachia, hayaingii zaidi ya hayo. Matone yake ni 60 kwa mililita, hivyo matone kwa dakika ndiyo mililita kwa saa, bila hesabu ya usiku. Bureti moja kwa kila mgonjwa wa kifua. Tupe hizo kabla ya orodha ya upasuaji ya Jumanne.

Wauguzi na wataalamu wa usingizi,
Wodi ya upasuaji wa kifua