Mafuta ya zaituni si dawa ya moyo

Mhariri,

Tangu daktari amwambie mume wangu kolesteroli yake iko juu, nyumbani kwetu nyama imeondoka: ni kunde, mchicha na maharage. Mawifi nao wakaja na lao, eti nimnunulie mafuta ya zaituni, ni dawa ya moyo. Nikanunua chupa ndogo kwa bei ya maharage ya wiki mbili (sijutii, ladha yake nzuri) nikawa namimina kwenye kachumbari bila kupima.

Juzi nikapima. Vijiko vinne vya mezani! Kimoja tu kina kalori karibu 120.

Utafiti unaotajwa sana ni PREDIMED wa Hispania, uliotoka 2013 na kuchapishwa upya 2018 baada ya kasoro kuonekana katika kuwagawa washiriki kwenye makundi. Ni kweli, kundi lililopewa mafuta ya zaituni lilipata mshtuko wa moyo na kiharusi mara chache zaidi. Lakini watu hao walikula samaki pia, na wenzao walioambiwa wapunguze mafuta walipunguza kiduchu mno. Mlo wa mimea usio na mafuta haukupimwa pale.

Nakubali zaituni ni afadhali kuliko samli au tui zito. Ila kundi jingine katika utafiti huohuo lilipewa lozi na kokwa nyinginezo, likanufaika vilevile. Mbona hao matangazo hayawataji? Chupa yangu sasa ina kijiko kando yake, na mawifi wamenuna.

Msomaji wako,
Tanga