Barua ya Wazi kwa Vijana wa Maskani za Wete

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu, nimeona niwaandikie nyinyi wenyewe, si wazazi wenu wala masheha, kwa sababu sehemu kubwa ya siku zenu inapita maskani, na tabia anazozizoea kijana hapo ndizo anazokwenda nazo hadi uzeeni. Sikusudii kukwambieni muziache maskani. Wazee wenzangu wengi huzisema vibaya, lakini mimi naona kuwa mwenye pahala pa kukaa na wenziwe kila jioni ana neema ambayo watu wengi wanaikosa. Ninachokuombeni ni kuwa pahala hapo patumike pia kuilinda miili na nyoyo zenu, kwa mambo madogo ya kila siku yasiyokuwa na gharama.

Nianze na usingizi, maana huo ndio ulioharibika kuliko yote. Mtu mzima anahitaji kulala muda usiopungua saa 7 kila usiku. Anayekaa na simu hadi saa 8 za usiku, kisha akaamshwa na adhana ya alfajiri, hakupata hata nusu ya haki yake, na akirudi kulala baada ya sala mpaka jua limepanda, basi usingizi wa usiku unaofuata nao huchelewa kuja. Mwanga wa asubuhi ndio unaoufahamisha mwili kuwa siku imeanza, na mwanga wa simu usiku huuchanganya. Kwa hiyo baada ya Isha zungumzeni, chezeni bao na karata, lakini ikifika saa 4 kila mmoja arudi kwao na simu iwekwe mbali na kitanda. Kutoka hapo hadi alfajiri, saa 7 zinakaribia kutimia bila ya mtu kupitwa na sala.

Jambo la pili ni mwendo. Baba zenu hawakuwa na neno la mazoezi kwa sababu kupanda mikarafuu, kulima na kwenda kwa miguu vijiji kwa vijiji kulikuwa ndani ya kazi zao. Nyinyi mnapanda bodaboda hata kwa safari ya dukani. Wataalamu wa afya wanashauri angalau dakika 150 za mwendo wa kuhemesha kidogo kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Kwenda msikitini msikuhesabu, kwani huko tumeamrishwa kwenda kwa utulivu. Na naona kila Januari 1, siku ya mazoezi ya kitaifa, watu wanatoka kwa wingi na fulana mpya. Ni jambo jema, ila mwili hauweki akiba ya siku moja kwa mwaka mzima.

Katika chakula sina maneno mengi. Shelisheli, muhogo, majimbi, matembele na samaki ni vyakula vya kujivunia. Kinachotuumiza ni chumvi na sukari. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na ng'onda. Soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari inayofikia vijiko 8 vya chai, nanyi mnaishusha huku mnabishana mpira. Halua ya kwetu Wete siitii ila, lakini isiwe ya kila siku.

Presha nayo haina adabu ya kubisha hodi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila ya kuumwa kichwa. Nendeni mkapime kwa pamoja, maskani nzima, ili asiwepo wa kuogopa peke yake. Kaeni kimya dakika 5 kabla ya kipimo, na msitoke moja kwa moja kwenye kahawa au sigara. Ikionekana kufikia 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyengine, muoneni daktari.

Sasa nije kwenye moyo, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Maskani husemwa siasa na mpira mpaka sauti zikakauka, lakini ni nadra mtu kusema kuwa fikra zimemzidi. Mwenye homa tunampelekea uji. Aliyeelemewa na moyo tunasema kachezewa, au mvivu, au ana kiburi. Mtu akikaa wiki 2 au zaidi hana hamu hata ya mambo aliyoyapenda, usingizi umemruka au amezidisha kulala, na anajiona hana faida, huenda hiyo ikawa sonona, nayo ni maradhi yenye matibabu. Dua na kisomo sivipingi hata kidogo, ila havimkatazi mtu kwenda hospitali. Tena muache kulifanya tusi jina la Kidongo Chekundu. Hiyo ni hospitali ya maradhi ya akili huko Unguja, na kila mzaha wa aina hiyo unamfunga mdomo mgonjwa aliyekaa nanyi kwenye baraza moja.

Mwenzenu akitamka kuwa amechoka kuishi, msimcheke wala msimwambie hana imani. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuulizwa hakumtii wazo hilo. Msimwahidi kuficha siri, msimuache peke yake, wekeni mbali naye kamba na sumu, waambieni jamaa zake, na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na asiyeonekana maskani kwa siku 3 bila ya sababu inayojulikana, aende mtu mmoja anayeaminiana naye akamtazame nyumbani kwao. Lisiende kundi zima, na huyo atakayekwenda asiwe mwenye kumdai.

Wassalamu alaykum.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba