Uzito wa mtumbwi wa mwerezi hauko kwenye mbao

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kujijengea mtumbwi wa fito za mwerezi nyumbani, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyogundishwa ukingo kwa ukingo, imeeleza vizuri upangaji wa fito, ila ushauri mmoja uliomo utawaponza wasomaji: kwamba anayetaka mtumbwi mwepesi apasue fito nyembamba zaidi. Hesabu inakataa.

Ganda la mtumbwi wa mita 4.9 lina eneo la mita 5 za mraba hivi. Mwerezi mwekundu wa magharibi ukikauka una kilo 370 hivi kwa mita ya ujazo. Kwa fito za unene wa milimita 6, mbao zote za ganda ni kilo 11. Ukishuka hadi milimita 5 unaokoa chini ya kilo 2, na unachopoteza ni kikubwa kuliko hicho: fito nyembamba hunepa kati ya kalibu na kalibu (fremu za muda zinazoupa mtumbwi umbo), uso unakuwa na mawimbi, na randa ikipita kuyasawazisha inaacha sehemu zenye milimita 3 tu. Kwa milimita 6, kalibu za plaiwudi zikipangwa kila baada ya sentimita 30 zinatosha. Kwa milimita 5 ni lazima zisogezwe karibu zaidi. Anayejenga mara ya kwanza abaki kwenye 6.

Kuhusu fito zenyewe nina machache. Ubao wa unene wa milimita 19 na upana wa sentimita 20, ukipasuliwa kwa msumeno wa meza wenye meno membamba ya milimita 2, unatoa fito 24 hivi. Ganda linahitaji karibu 70, na za akiba juu yake. Ukingo mmoja wa ufito huchongwa mbinuko na wa pili mbonyeo ili fito zikumbatiane kwenye mkunjo wa ubavu. Anza na mbinuko, maliza na mbonyeo, kwa sababu midomo ya mbonyeo ni myembamba na huvunjika ikipitishwa tena kwenye mashine. Mtumbwi ukiwa kifudifudi juu ya kalibu, mbonyeo uangalie juu upokee gundi. Na vaeni barakoa ya kuzuia vumbi: vumbi la mwerezi huu lina asidi inayoweza kuleta pumu, na anayeathirika mara moja huathirika tena kwa vumbi kidogo sana.

Sasa tuje kwenye epoksi, ile resini ya majimaji inayoganda ikichanganywa na dawa yake na kugandisha kitambaa juu ya mbao, maana kilo zinapotelea hapo. Kitambaa cha faibaglasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba, tabaka moja nje na moja ndani, ni kilo 2. Epoksi ya kukilowesha ipasavyo inakaribia uzito huohuo. Kitambaa cha ndani si pambo. Ganda hili lina nguvu kwa sababu mbao zimebanwa katikati ya ngozi mbili za kitambaa na epoksi, na likigonga jiwe upande wa ndani ndio unaovutika. Ukikiacha ili kuokoa uzito, fito zitapasuka kwa kufuata nyuzi.

Kosa la kawaida ni kumwaga epoksi nyingi na kuiacha ing'ae. Kinachong'aa wakati wa kulowesha ni kitambaa kinachoelea, chini yake kuna epoksi isiyobeba kazi yoyote. Pitisha kipande cha plastiki ngumu kwa mshazari, ukikusanya ziada, mpaka nyuzi zionekane wazi na uso ubaki mkavukavu kwa macho, bila weupe. Nje, paka mipako miwili ya kujaza nyuzi, kila mmoja kabla ule wa chini haujaganda kabisa, ili ishikane yenyewe bila kupigwa msasa. Ikishaganda, ioshwe kwanza kwa maji na kisuguo, kwa kuwa utelezi unaojitokeza juu huziba msasa na kuzuia mpako unaofuata kushika. Ndani, mpako mmoja unatosha. Acha ukwaruzo wa kitambaa uonekane, miguu haitateleza. Kila mpako wa ziada kwenye eneo hilo unaongeza zaidi ya nusu kilo.

Mapovu nayo yana sababu. Mbao zikipata joto, hewa iliyomo hutanuka na kupenya epoksi mbichi. Basi lowesha kitambaa wakati banda linaanza kupoa, si asubuhi jua linapopanda. Changanya kiasi kidogo, mililita 200 hivi, na uimwage mara moja kwenye trei pana, kwani ikikaa kwenye kopo lenye kina huchemka yenyewe hadi kutoa moshi. Aliyezoea resini ya poliesta ataongeza dawa ya kugandisha ili iwahi. Kwa epoksi hilo ni kosa. Uwiano ukiharibika, itabaki laini na kunata, na dawa yake ni kukwangua yote.

Pa pili pa kuokoa ni kingo za juu, ambazo makala imezipita kwa sentensi moja. Vipande vinne vya mbao za ashi, mita 5 kila kimoja, milimita 20 kwa 20, ni zaidi ya kilo 5! Ni nusu ya uzito wa mwerezi wote. Vichongwe vipungue hadi milimita 12 kuelekea omo na tezi, na kile cha ndani kiachiwe matundu marefu, ambayo pia yatatoa maji mtumbwi ukipinduliwa. Mbao za sprusi ni nyepesi kwa zaidi ya theluthi, ila hubonyea haraka zikigongwa, hivyo wengi huzitumia ndani tu na kuweka ashi nje.

Vanishi isipunguzwe kwa hoja ya uzito. Epoksi huharibiwa na jua, kwa hiyo mipako mitatu ya vanishi yenye kinga ya miale ndiyo inayoilinda.

Anayetaka kujua kilo zake zimeenda wapi aweke mizani ya jikoni karibu na kopo, apime epoksi kabla ya kila mpako, apime na ile aliyoikwangua, kisha aandike tofauti ukutani.

Fundi mitumbwi, msomaji wenu