Barua kwa Mama Neema Kuhusu Chakula cha Shuleni

Umoja, Nairobi

Mpendwa Mama Neema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa jamaa yangu yote. Natumai wewe, Baba Neema na watoto mu buheri wa afya huko Makueni. Sisi hapa tu wazima, ashukuriwe Mungu.

Barua yako niliipata, na swali moja ndani yake limenikaa moyoni hata nikaona heri nikujibu kwa kirefu. Umeniuliza kwa nini wazazi wa Nairobi tunapiga kelele nyingi hivi kuhusu chakula cha shuleni, ilhali mimi na wewe tulilishwa githeri yenye fukusi katika shule ya bweni na tukatoka tukiwa salama. Dada yangu, githeri ile, pamoja na fukusi wake, ilikuwa mahindi na maharagwe. Tuliichoka, tuliinung'unikia, lakini kilikuwa chakula cha kumjenga mtoto. Linalotusumbua sasa ni jambo lingine kabisa. Watoto wetu wanashiba, na tunacholalamikia ni kile kinachowashibisha.

Hebu tazama ratiba ya chakula tuliyoletewa muhula huu na shule ya kibinafsi wanayosoma watoto wetu. Jumatatu ni wali na maharagwe, na hilo halina neno. Jumanne ni chipsi na soseji. Jumatano ni ugali na kabichi, Alhamisi ni pilau isiyoandamana na mboga yoyote, na Ijumaa ni chipsi tena, safari hii pamoja na soda, kwa maelezo kwamba hiyo ni siku ya watoto kufurahi. Uji wa saa nne uliondolewa, na badala yake wanapewa mandazi na chai yenye sukari nyingi. Matunda hayamo hata siku moja. Mzazi mmoja alipouliza githeri ilikwenda wapi, akajibiwa kwamba watoto walikuwa wanaiacha kwenye sahani.

Wachache wetu tuliomba ruhusa ya kuingia jikoni na kwenye kantini, na kwa kweli mkurugenzi wa shule hakutukatalia. Jikoni tulikuta karai kubwa la mafuta ya kukaangia ambayo yalikuwa yamekolea rangi hadi kukaribia weusi. Mpishi, ambaye ni mama mkweli na mchapakazi, alitueleza bila kuficha kwamba kila jioni huyachuja, akayafunika, na kesho yake akayatumia tena, mpaka madebe aliyopewa kwa ajili ya muhula yamtoshe. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu yeye hupika anacholetewa. Lakini mafuta yanayopashwa moto mkali tena na tena huharibika na kuzalisha vitu vinavyoudhuru mwili, na mtoto anayekula chipsi zilizokaangwa humo hana njia ya kujua.

Kantini nayo ni kibanda cha mabati kando ya uwanja, chenye dirisha la waya. Rafu ya chini, iliyo usawa wa macho ya mtoto wa gredi ya pili, imejaa peremende, krispi na vichupa vya juisi za rangi. Rafu ya juu imepangwa soda, na pembeni kuna sufuria ya smoki, zile soseji za moshi, zilizopasuliwa tayari kujazwa kachumbari. Nilitafuta ndizi hata moja, nikaikosa.

Sitaki udhani kwamba tunaogopa vivuli. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu hupata kutokana na chakula chake cha siku, na kwamba ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayekula takriban kalori 1,600 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 40 za sukari, na asilimia 5 ni gramu 20. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30, yaani vijiko saba vya chai au zaidi, na hapo hujahesabu chai ya saa nne, mandazi wala peremende. Kuhusu soseji na smoki, mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliziweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu ambavyo kuna ushahidi wa kutosha kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kwamba smoki moja itamwangusha mtoto. Nasema tu kwamba haifai shule iwe ndiyo inayomzoesha kuzila tangu akiwa na miaka sita, halafu atakapokuwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu au kisukari tujiulize alianzia wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba umaskini si sababu. Tangu mwaka 2023, Serikali ya Kaunti ya Nairobi pamoja na shirika la Food4Education wamekuwa na mpango wa Dishi na County katika shule za msingi za umma. Mtoto analipiwa shilingi 5, anagusisha bangili yake ya malipo kwenye kifaa cha kuisoma, kisha anapewa wali na maharagwe au ndengu. Mtoto wa jirani yangu anakula hivyo kila siku ya shule, kwa pesa zisizotosha kununua hata mandazi katika kantini yetu. Sisi tunaolipa maelfu ya shilingi kila muhula kwa jina la chakula cha mchana, wetu wanaletewa chipsi.

Nimelifikiria sana jambo hili, na kwa maoni yangu kiini chake ni kodi ya kantini. Kibanda kile hukodishwa kwa yule anayeahidi shule pesa nyingi zaidi. Mama anayekikodi ana watoto wake wa kulea, na ili aipate kodi hiyo hana budi kuuza vitu vinavyotoka haraka, visivyooza na vyenye faida kubwa. Ndizi huiva na kuharibika kufikia Ijumaa, lakini krispi hukaa miezi. Shule nayo, kwa kuwa inapokea kodi, haiwezi kumkataza bila kujipunguzia mapato. Kwa hiyo kila anayehusika ana sababu yake ya kunyamaza, na gharama inaangukia mwili wa mtoto. Ndiyo maana siungi mkono wazazi wanaotaka mama huyo afukuzwe. Akiondoka huyu na kodi ikabaki ilivyo, atakayekuja atauza vilevile.

Mkurugenzi anatuambia kwamba watoto wa siku hizi hukataa mboga. Mimi nimemjibu kwamba watoto haohao wana somo la Kilimo na Lishe, ambamo wanafundishwa mlo kamili na kuuchorea sahani daftarini. Kengele ya chakula inapolia, wanapelekwa mahali ambapo hicho walichochora hakipatikani. Mtoto atamwamini nani, kitabu au sahani? Sukuma wiki iliyokatwa laini, ikapikwa na kitunguu na nyanya na kutolewa jikoni kabla haijageuka rangi, huliwa. Ile inayokataliwa ni iliyochemshwa tangu asubuhi ikawa majimaji. Hapo tatizo ni saa za mapishi na uchache wa wapishi, na yote mawili yanaweza kurekebishwa.

Wapo pia wazazi wenzetu wanaouliza tunapata wapi mamlaka ya kuhoji, ilhali wao wenyewe huwafungia watoto soda na biskuti kutoka nyumbani. Kwangu jibu ni jepesi. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema kwamba kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi, na haki hiyo haikomi mtoto anapovuka lango la shule, iwe ya umma au ya kibinafsi. Nchi nyingine zimelishika jambo hili kwa uzito unaostahili: huko Meksiko, tangu mwishoni mwa Machi 2025, serikali imepiga marufuku uuzaji wa vinywaji vya sukari na vyakula visivyofaa ndani ya shule. Hapa kwetu sitaki tungoje marufuku kutoka juu ndipo tuanze kuwalinda watoto wa shule moja.

Tulichokubaliana kupeleka kwenye mkutano wa wazazi ni hiki. Kodi ya kantini ishushwe, na pengo hilo tulijaze wenyewe kwa nyongeza ndogo ya karo, kwa sharti kwamba soda, krispi na smoki ziondoke, na mahali pake paingie ndizi, machungwa, karanga, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na maziwa ya mala. Chipsi zitoke katika ratiba, githeri na ndengu zirudi, na ratiba ya kila muhula ionyeshwe wazazi kabla shule hazijafunguliwa, tukiwa bado na nafasi ya kuibadilisha. Nimeomba pia kwamba mahindi yatakayonunuliwa yapimwe ukavu wake na yahifadhiwe juu ya mbao, mbali na sakafu. Wewe uliye Makueni sina haja ya kukukumbusha mwaka 2004, ambapo sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, iliwaua watu 125 katika kaunti yenu na sehemu za jirani. Nisingependa tuwaondolee watoto hatari moja na kuwaletea nyingine gunia kwa gunia.

Hapa ndipo ninapokuhitaji, Mama Neema. Wewe husimamia jiko la shule ya bweni, na unajua kilo ngapi za ndengu hulisha watoto mia moja, mboga huingia jikoni saa ngapi, na mpishi mmoja anaweza kuhudumia sufuria ngapi bila kuharibu. Tafadhali niandikie ratiba yenu ya wiki nzima pamoja na vipimo vyake, na bei mnazonunulia huko, ili nizilinganishe na za soko la Marikiti hapa Nairobi. Mkurugenzi wetu ni mtu wa hesabu, na ninaamini atasikiliza haraka zaidi akionyeshwa karatasi yenye tarakimu kuliko akisikia malalamiko yetu. Mkutano ni kabla ya kufunga muhula, kwa hiyo usikawie, hata ukiituma kwa simu.

Msalimie Baba Neema, na umwambie Neema kwamba shangazi yake wa Nairobi anamkumbuka sana.

Ni mimi rafiki yako wa dhati,

Mama Baraka