Barua ya wazi kwa wapangaji wangu, na kwa vijana wote wanaolaza watoto na chips

Wanangu,

Naandika kwa sababu nimechoka kusema koridoni na kujibiwa "sawa mama". Pipa la uani kwetu hapa Temeke kila asubuhi limejaa vifuko laini vya chips. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini hivyo vifuko vinavyofungiwa chips za moto, kachumbari na tomato sosi humohumo, sijui vinatokea mlango gani. Taka ningevumilia. Linalonikera ni kumkuta mtoto wa darasa la pili saa tatu usiku amelala kwenye kochi na sare ya shule, tumboni ana biskuti na juisi ya pakiti, na baba yake bado yuko kwenye banda la chips anasubiri zamu. Anaamshwa saa tatu na nusu, anakula viazi vitatu huku anasinzia, anarudi kulala. Kesho yake mwalimu akisema mtoto hafuatilii darasani, tunatafuta maji ya maombi.

Msinielewe vibaya. Chips nazijua na nazila. Mwisho wa mwezi mtu amepata mshahara, akawapeleka wanawe wakala chips mayai na mishikaki, hiyo ni furaha yao. Ninyi mmeifanya ndiyo jiko la nyumbani.

Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo mnayoikimbia. Baba, mama na watoto wawili. Sahani ya chips kavu mtaani kwetu ni elfu mbili. Mkubwa hali kavu, anaongeza yai au mshikaki, na soda juu. Usiku mmoja elfu kumi inakatika bila kelele. Mkifanya hivyo mara nne kwa wiki, mwezi unamalizika na laki moja na elfu sitini imeingia kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu mchana. Chumba mnachopanga kwangu hakifiki hapo, na kodi yangu ndiyo mnayosema ni kubwa.

Sasa nusu kilo ya maharage haizidi elfu mbili, kilo ya unga elfu moja na mia tano au pungufu yake, nazi moja, fungu la nyanya, vitunguu viwili, fungu la mchicha. Elfu saba inatosha, na kesho mchana kuna wa kubeba kazini. Tofauti hiyo ya usiku mmoja ndiyo daftari na soksi mnazonikopea.

Najua jibu lenu. "Mama, tunarudi tumechoka." Nakubali, tena kwa moyo wote. Mtu ametoka Kariakoo kusimama dukani tangu saa mbili asubuhi, akasimama tena kwenye daladala mpaka hapa, huwezi kumwambia aanze kuchambua mawe kwenye maharage saa mbili usiku. Hata mimi nisingeyachambua. Kosa lenu ni kuiacha saa hiyo ndiyo iamue mtakula nini. Mwili uliochoka siku zote utachagua chips. Chakula cha usiku kinaamuliwa asubuhi kabla ya kutoka, na kikubwa chake kinapikwa Jumapili. Hilo tu ndilo ninalotaka mlishike kwenye barua hii, mengine hata mkisahau nitawasamehe.

Na sasa tuje kwenye maharage, kwa sababu humu ndani kumezuka msemo kwamba maharage yanamaliza gesi, na chanzo chake nakijua.

Kuna binti mmoja, chumba chake sikitaji. Alitoka kazini jioni, akapitia dukani, akanunua maharage makavu, akaja akayaosha na kuyabandika kwenye gesi yakiwa makavu vilevile. Kwa kuwa ana haraka, akatia nyanya, kitunguu na chumvi kila kitu kwa pamoja. Saa nne usiku maharage yanagonga sufuria kama changarawe, mtungi wenyewe ulikuwa unaelekea mwisho, ukazima. Watoto wakala mkate. Asubuhi na mapema kabeba mtungi kichwani mpaka kwa muuza gesi, anamshtaki mbele ya watu kwamba amemuuzia hewa. Mtaa mzima ukakusanyika. Yule kijana wa gesi, mpole kweli, akamuuliza swali moja: "Dada, uliyaloweka?" Watu waliangua kicheko mpaka binti akaacha mtungi palepale. Tangu siku hiyo anatangaza kwamba maharage ni chakula cha matajiri.

Mwanangu, na wengine wote mliocheka mkiwa hamjui tofauti, sikilizeni. Maharage yanalowekwa kwenye maji mengi, saa nane mpaka kumi na mbili. Unayaloweka usiku unapolala, au asubuhi unapotoka. Hapo hutumii gesi, hutumii mkaa, hutumii hata macho. Yale maji unayamwaga, usiyapikie. Mengi ya yale yanayojaza tumbo gesi yanaondoka nayo. Unaweka maji mapya, unaacha yachemke kwa nguvu, yatokote hasa si chini ya dakika kumi, maana maharage yasiyoiva, hasa mekundu, yana sumu yake na watu wanatapika wakidhani wamelogwa. Kisha unapunguza moto, unafunika. Nyanya na ndimu ni baadaye kabisa, yakishalainika, kwa sababu uchachu unafanya ganda ligome. Na mkinunua, muulizeni muuzaji mzigo ni wa lini. Maharage yaliyokaa ghalani kwenye joto mwaka na zaidi hata uyaloweke siku mbili hayaivi sawasawa.

Wapo wanaotia magadi ili yaive upesi. Yataiva, na sehemu ya vitamini B itakuwa imeharibika humo sufuriani. Na nimesikia wengine wanatia panadol. Panadol! Kitu cha kumeza ukiumwa kichwa, unamchemshia mtoto kwenye mboga. Nikimkamata mtu anafanya hivyo kwenye nyumba yangu, kodi yake atachukua yote na ataondoka.

Jumapili, basi. Pika kilo nzima. Yachemshe bila kuunga, yaive vizuri, yapoe, gawanya kwenye makopo yenye mfuniko. Mwenye friji atakula siku tatu, nne. Akiweka mengine kwenye barafu anafika Jumapili nyingine. Asiye na friji achemshe ya siku mbili tu, na ayatokose vizuri asubuhi na jioni. Usiku ukirudi kazi yako ni kuunga: kitunguu, karoti, nyanya, tui ukiwa nalo, dakika kumi na tano. Ugali unasongwa mwingine akiwa anaunga. Saa mbili watoto wamekula. Leo umeunga na nazi, keshokutwa yakaushe ule na chapati, siku nyingine changanya na mahindi uwe na kande. Tena wali au ugali ukikutana na maharage mwili unapata protini iliyokamilika, nyama hujainunua. Kamulia ndimu juu ya sahani, inasaidia damu kuyapokea madini ya chuma yaliyomo. Na msiwape watoto chai ya rangi na chakula hichohicho, inayazuia. Wapeni maji.

Mwenye haraka zaidi anunue choroko. Choroko hata usipoziloweka, nusu saa au zaidi kidogo zimeiva. Kwa nini hamzipendi, mimi sijui. Labda kwa sababu zinawakumbusha shule ya bweni.

Mengine nayataja tu, mtajaza wenyewe. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, kausha, kaanga na nyanya na limau, wanaliwa na mifupa yake na ndimo ilimo kalisiamu. Mayai matatu kwenye rosti ya nyanya yanalisha watu wanne. Matembele na mchicha wa karanga. Kisamvu, lakini kilichotwangwa na kuchemshwa sana, hakina mkato. Kiporo cha wali kikaange na yai na hoho. Mifupa ya supu Jumamosi na ndizi. Unga wa dona kuliko sembe. Rangi yake haijamuua mtu. Sisi tulikula ugali wa unga wa yanga, wa njano kabisa, enzi za duka la kaya na foleni ya sukari, na hawa wanaowapangisha nyumba leo ndio waliokuzwa nao.

Akina baba, msidhani nimewasahau. Wako wanaopita kijiweni jioni, wanakula nyama choma wakashiba, wanarudi nyumbani saa nne kuuliza kwa nini mboga ni mchicha. Asubuhi ameacha elfu tatu ya matumizi ya watu wanne na ametoka haraka asiulizwe. Mpe mwenzio hela ya wiki kwa mkupuo, aende sokoni na akili yake. Hela ya matumizi ya kila siku inanunua fungu, kipimo na robo, na kila kinachopimwa robo kina bei ya juu. Na mwiko wa kusongea ugali ushikeni. Wanaowakaangia chips huko bandani ni wanaume watupu. Hamjawahi kuwaambia jiko si kazi yao.

Hapo kwenye kupima ndipo hasira yangu inapovuka nyumba yangu. Katika mji huu mwenye kidogo ndiye anayelipa kingi. Mafuta ya kula anauziwa kwenye kifuko, mkaa kwenye kopo, unga robo robo, na ukijumlisha mwezi mzima amenunua ghali kuliko mwenye gari anayebeba gunia. Inapofika katikati ya mwezi hela imeisha, anakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Nimewaona wale mawakala wakigonga mlango alfajiri, mama amejificha chooni na mtoto mgongoni, na mkopo wenyewe ulikuwa wa kula. Tumeizoea mikopo hiyo mtaani kama tulivyozoea mbu.

Na msidhani ni mjini tu ambako watu wana chakula na hawali. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 uliona watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa. Mikoa inayolima! Mahindi yanapakiwa kwenye malori kuja huku, maharage yanauzwa yote, wazazi wako shambani mpaka giza, mtoto amebaki na uji mwepesi. Wataalamu wataeleza vizuri kunizidi, maji machafu na magonjwa yamo pia. Lakini mimi nikisikia habari hiyo namuona yule wa kwenye kochi.

Wenye nyumba wenzangu nao nina neno nao. Unapangisha chumba hakina pa kupikia, mtu anabandika jiko la mkaa mlangoni mvua inanyesha, halafu unakataza jiko la umeme kwa kuwa LUKU, mita ya umeme, ni ya pamoja. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Watawezaje kama sisi ndio tumesimama mlangoni? Lile sufuria la presha la umeme linaivisha nusu kilo ya maharage kwa umeme usiofika uniti moja, na uniti kwa matumizi ya kawaida ni shilingi 350 na ushee. Kopo la mkaa ni ngapi? Hapa kwangu kila chumba kina mita yake ndogo sasa, na ugomvi wa umeme umekwisha. Fanyeni hivyo, haifilisi.

Wanangu, najua siku nyingine mtashindwa. Mvua itanyesha, daladala zitagoma, mtoto ataumwa, utanunua chips na utalala. Sitakuja kuchungulia pipa kwa ajili ya siku hiyo moja. Ninyi mnalea mbali na mama zenu, hakuna bibi wa kubandika sufuria jioni, na jambo hilo ni gumu kuliko mnavyokubali kusema. Ndiyo maana naandika, badala ya kununa.

Tuache maneno. Kijumbe cha vyombo, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu, mnakiweza, kila mwezi mmoja anatoka na sahani za maua. Kwa nini tusifanye cha chakula? Jumamosi hii naenda soko la Stereo na bodaboda ya mizigo. Nataka tununue debe mbili za maharage ya njano na gunia la mchele, tugawane kwa kisado hapa uani kila mtu akiona. Anayeingia alete hela yake Ijumaa kabla ya saa mbili usiku, taslimu, sikopeshi, na mnaodaiwa kodi msije kuniomba huruma. Na aliyechukua sufuria langu kubwa la shughuli tangu ile arobaini ya mtoto alirudishe, nitalihitaji Jumapili. Atakayetaka kujifunza kuloweka aje Jumamosi jioni na bakuli lake.

Mama mwenye nyumba wenu,
Temeke