Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kabla fedha za mchezo hazijafika dukani

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni na mara ya pili nikiwa nimeketi, kwa sababu nilisikia furaha katika sauti yako na sikutaka kukujibu kwa pupa. Umesema zamu yako ya mchezo, yaani upatu, imefika, kwamba wenzako wamekukabidhi shilingi 3,000,000, na kwamba kabla ya Krismasi unataka kuiweka pembeni iPhone 11 yako na kununua iPhone 17, ambayo muuzaji wa Kabwe, hapo Mbeya, amekutajia kwa shilingi 2,900,000. Umeniomba ushauri. Ninauandika hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa hapa Iringa na huko Mbeya wako wengi ambao mwezi huu wanalipima jambo hilihili, na ningependa wasome kile ambacho ningekuambia wewe.

Katika ujumbe ule ulilalamikia mambo matatu: simu inazima ghafla, imejaa, na picha za magauni unayoshona zinatoka na rangi isiyo ya kweli. Nimeyafikiria moja baada ya jingine, na naomba nianze na la kuzima, kwa kuwa ndilo linalokukera zaidi na ndilo ninaloamini limeeleweka vibaya.

Nilipokuja kwako Oktoba niliishika simu yako, nikafungua mipangilio, nikaingia sehemu ya betri na kutazama afya yake. Ilisoma asilimia 74 ya uwezo iliokuwa nao ilipokuwa mpya. Betri za lithiamu-ioni, aina iliyomo kwenye simu, ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na tangu hapo hadi leo hakuna aliyeweza kutengeneza isiyozeeka. Kila unapotumia jumla ya asilimia 100 ya chaji, hata kama umeitumia nusu leo na nusu kesho, unahesabiwa mzunguko mmoja, na Apple wenyewe wanaeleza kwamba simu za kizazi cha hiyo yako zimetengenezwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wa betri baada ya mizunguko 500, ilhali kuanzia iPhone 15 hesabu hiyo imepanda hadi 1,000. Wewe unaitumia simu hiyo tangu 2021, na unaichaji kila siku iendayo kwa Mungu. Kwa makadirio yangu, betri yako imefanya kazi kama mara mbili ya ile iliyoahidiwa.

Sasa uongeze baridi ya Uyole. Uliniambia kwamba mwezi Julai ilikuwa ikizima alfajiri, ukiwa kituoni unasubiri daladala ya kwenda Mwanjelwa, wakati kioo bado kinasoma asilimia 30, na ikifika saa tano jua likiwa limetoka inawaka vizuri kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Hilo halikunishangaza. Katika baridi, kemikali za ndani ya betri hufanya kazi polepole na ukinzani wake huongezeka, hivyo simu inapodai umeme mwingi kwa mara moja, kwa mfano unapofungua kamera, volti hushuka ghafla na simu hujizima. Betri changa huvumilia asubuhi za Mbeya bila taabu, lakini iliyochoka haivumilii. Kwa hiyo kilichoharibika ni kipande kimoja ambacho fundi simu uliyemuuliza mwenyewe pale Mwanjelwa alikutajia shilingi 90,000 kukibadilisha.

Nakuomba usilichukulie hili kama faraja ya bure ya dada asiyetaka utumie fedha zako. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone 6, 6s, SE na 7 zilizokuwa na betri zilizochoka, ili zisijizime kama yako inavyojizima. Iliomba radhi, na kwa mwaka mzima wa 2018 gharama ya kubadilisha betri ikawa dola 29 badala ya dola 79. Waliobadilisha waliona simu zao zikirudia kasi yake ya awali, ilhali majirani zao wenye simu kama hizo walikuwa wameshanunua mpya, wakiamini kwamba za zamani zimefika mwisho. Huwa nawafikiria sana watu hao wa kundi la pili, kwa sababu hawakuwa wazembe. Waliona simu nzito, wakafanya uamuzi kwa kile walichokiona.

Utakapoenda kwa fundi, mwombe akuonyeshe betri kabla hajaifunga, mkubaliane muda wa kuirudisha ikileta shida, na usiogope simu ikikuandikia kwamba haiwezi kuthibitisha betri hiyo, kwani ujumbe huo peke yake hauizuii kufanya kazi.

Kuhusu kujaa sina maneno mengi. Simu yako ina nafasi ya GB 64, iPhone haina mahali pa kuweka kadi ya memori, na hiyo mpya inaanzia GB 256, yaani mara nne ya yako. Katika hili simu mpya ina faida ya kweli na siwezi kuipinga. Hata hivyo, ingia WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utazame ni nini kimekaa humo. Nadhani utakuta video za kamati za harusi zilizokwisha kufungwa miaka miwili iliyopita. Picha za kazi zako zihamishie kwenye diski ya nje pale steshenari, tena hilo ulifanye hata kama utanunua simu mpya, kwa maana siku simu ikiibwa zitaondoka nayo.

Suala la picha ndilo lililonifanya nikae na kufikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa picha ndizo zinazokuletea wateja wa Vwawa na Tunduma ambao hawajawahi kuingia kibandani kwako. Kamera kuu ya iPhone 17 ina megapikseli 48, yaani nukta milioni 48 zinazounda picha, yako ina 12, na tofauti hiyo ipo, sikatai. Lakini fuatilia safari ya picha yako. Unaipiga, unaiweka kwenye statasi, WhatsApp inaipunguza kabla ya kuipeleka, kisha mteja anaitazama kwenye kioo cha simu yake ndogo huku bando lake likikaribia kuisha. Sehemu kubwa ya hizo megapikseli utakazolipia itabaki kwenye simu yako. Kwa mteja unayemtumia moja kwa moja, chagua ubora wa juu, kwani WhatsApp imeruhusu hilo tangu Agosti 2023, na picha itafika ikiwa na maelezo mengi zaidi hata ikitoka kwenye simu uliyo nayo.

Ile rangi isiyo ya kweli nayo niliiona ikitokea. Ulilitundika gauni la zambarau ukutani, chini ya taa nyeupe, usiku, na lenzi ya simu ikiwa na mafuta ya cherehani na vumbi la nyuzi. Hakuna kamera ambayo ingelitendea haki gauni lile mahali pale. Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, tulilitoa mlangoni kwenye kivuli, nikaifuta lenzi kwa kipande cha kitambaa laini cha pamba, ukapiga tena. Unaikumbuka picha ile? Ndiyo uliyoniambia baadaye kwamba ilikuletea oda ya sare za wasimamizi sita. Ilipigwa na iPhone 11.

Kuna jambo la nne ambalo hukulitaja, na nalitaja mimi kwa upendo. Najua kwamba katika vikao vya kamati simu huwekwa mezani na kila mtu anaiona ya mwenzake, na najua kwamba fundi cherehani anayetaka kuaminiwa na bibi harusi mwenye uwezo anahisi kwamba simu yake inamtangulia kuzungumza. Kutamani kuheshimiwa si kosa, nami nimeyapitia hayo. Mwaka 2016 nilinunua simu iliyong'aa kuliko zote nilizowahi kushika, kwa bei iliyonifanya nijione mwerevu, na mwezi Juni mwaka huohuo, simu bandia zilipofungiwa nchini, yangu ilizimika mtandao pamoja nazo. Muuzaji alikuwa amekwisha kuhama. Nililia, mdogo wangu, kwa sababu ilikuwa akiba ya miezi minane. Ndiyo maana nakusihi kwamba simu yoyote utakayonunua, leo au baada ya miaka miwili, ubonyeze kwanza *#06# ukiwa bado dukani, utume namba ya IMEI utakayoiona, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, ambayo ni ya kuhakiki simu, na usubiri jibu kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kama ni iliyotumika, hakikisha pia kwamba mwenye nayo wa awali ameondoa akaunti yake mbele ya macho yako.

Tufanye sasa hesabu ambayo muuzaji hakukufanyia. Bei ya 2,900,000 ni ya simu pekee. Tangu Oktoba 2020 Apple haiweki kichwa cha chaja ndani ya boksi, na tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 tundu la kuchajia limebadilika, kwa hiyo waya ulizo nazo nyumbani na kibandani hazitaingia. Ongeza kava na kioo cha kinga, na ile laki moja iliyobaki itakuwa imekwisha. Ule mpango wa pili wa muuzaji, wa kulipa kidogo kidogo kwa kianzio cha 600,000 na 8,000 kila siku kwa mwaka mzima, unafika 3,520,000, yaani 620,000 zaidi ya bei ya kununua kwa mkupuo, na siku ukikosa kulipa simu inafungwa. Wewe unajua kuliko mimi kwamba Kwaresima harusi husimama na magauni hupungua. Wiki hizo za ukame utazilipiaje elfu nane nane?

Niseme pia kile kitakachonifanya nibadili msimamo, kwa sababu simu yako haitaishi milele. Septemba 2025 mfumo wa kuendesha iPhone uitwao iOS 26 uliziacha iPhone XR na XS, na iPhone 11 ikabaki kuwa miongoni mwa simu za zamani kabisa zinazoupokea. Uko kwenye ngazi ya mwisho. Siku itakapoachwa haitazimika, kwani WhatsApp, kwa mfano, Mei 2025 ilianza kudai iOS 15.1 tu, ambayo ni ya nyuma sana kuliko uliyo nayo. Hata hivyo, masasisho ya usalama yakikoma kabisa nitakuwa wa kwanza kukuambia ubadilishe, kwa sababu fedha zako na za wateja wako zinapita humo. Vilevile, kama lile wazo lako la kufundisha ushonaji kwa video litaanza kweli, na ukaona kwa miezi mitatu kwamba watu wanalipa, nafasi na kamera vitakuwa vifaa vya kazi, nami nitakuunga mkono bila kusita.

Hata wakati huo sitakushauri toleo jipya kuliko yote. Tazama kwanza simu imeahidiwa masasisho ya miaka mingapi, kwa kuwa huo ndio umri wake halisi. Samsung iliahidi miaka saba kwa Galaxy S24 ya Januari 2024, Google ilikuwa imefanya hivyo kwa Pixel 8 Oktoba 2023, na hata Galaxy A16, ambayo ni simu ya bei ya chini, iliahidiwa miaka sita. iPhone ya mwaka mmoja au miwili nyuma nayo itakufaa kwa miaka mingi.

Kuna kitu kingine ninachokifikiria kila ninapokuja kwako. Mbele ya kibanda chako malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana yakiwa na mabamba ya shaba ya Zambia na Kongo, na ni Kongo hiyohiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, ambayo huingia kwenye betri za simu. Watu wanaichimba kwa jasho kubwa. Kuitupa simu nzima kwa sababu ya betri ya 90,000 kunanihuzunisha, na nisingependa kukuficha hilo.

Ile oveloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, unayoiazima kwa jirani, ukisubiri amalize kazi zake ndipo umalizie zako saa nne usiku, uliniambia mwenyewe bei yake, na inaingia mara tatu katika fedha ulizo nazo. Fedha ni zako na uamuzi ni wako. Ila usiku huu, kabla hujalala, fungua ile sehemu ya betri, upige picha namba utakayoiona na kunitumia, kisha Jumamosi nipigie ukiwa kwa fundi ili nizungumze naye.

Wako akupendaye,
Dada yako, Kihesa, Iringa