Nyumba za Saint-Louis zisiachwe zibomoke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze wasiwasi wangu kuhusu Saint-Louis, mji ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1659 katika kisiwa chembamba cha Mto Senegal, ambao UNESCO iliutangaza kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka uleule ulipotangazwa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Wengi hudhani kwamba mji ukishaingia katika orodha hiyo umesalimika. Sivyo. Nyumba zake, zenye ua wa ndani na roshani za mbao au chuma zinazotazama barabara, zilijengwa kwa matofali yaliyopigwa lipu ya chokaa, inayouacha ukuta upumue. Saruji inayopakwa juu yake siku hizi hufungia unyevunyevu na chumvi ndani, na matofali huanza kumeguka polepole. Nyingine ni mali ya warithi wengi wasioafikiana nani agharimie matengenezo, jambo ambalo sisi wa Unguja tunalijua vyema.

Daraja la Faidherbe, linalounganisha kisiwa hicho na bara na lililofunguliwa mwaka 1897, lilikarabatiwa likakamilika mwaka 2011, na hilo ni la kupongezwa. Lakini daraja lina serikali nyuma yake. Mjane anayeishi chini ya roshani inayooza hana. Ninaisihi serikali ya Senegal pamoja na wafadhili wake wazipatie familia hizo chokaa, mbao na mafundi waliofunzwa kazi ya zamani, kabla ya kutenga fedha nyingine kwa hoteli.

Msomaji wako,
Unguja